Keneli Iliyopewa Jina la Mganga Mfawidhi

Mwezi uliopita waliniaga kwenye ukumbi wa hospitali kwa godoro, sanduku la magurudumu na hotuba. Hotuba ilisema nimetumika kwa uadilifu. Neno hilo lilirudiwa mara nne, kila mara kwa makofi, nami kila mara nikainamisha kichwa kama bibi harusi. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Ninyi mnaobaki katika Kitengo cha TEHAMA mmeniomba niwaandikie habari za ghala la keneli, kwa kuwa mnaona limepangwa vizuri na hamjui lilivyofika hapo. Nitawaandikia. Lakini niseme mapema: ndani ya paketi zenu, kwenye daftari la mabadiliko, kuna mstari unaosema kwamba Mzee Athumani Yasini aliwahi kuifuta keneli ya maabara kwa uzembe. Mstari huo ni wa uongo, na aliyeuandika ninamfahamu vizuri sana. Vyeo na mishahara nitaviruka. Waliotaka kuvijua walivijua kabla hata mimi sijaambiwa.

Niliripoti kazini wakati wa kipupwe, asubuhi ambayo hata maji ya bomba ya Songea yalikuwa yanasitasita kutoka. Nilikuwa na cheti kipya cha kompyuta na viatu vipya, na vyote vilinibana. Bwana Gaudensi Luambano, Mkuu wa Kitengo, alinipokea kwa kunionyesha ofisi yake: bendera ndogo ya mezani, kalenda tatu, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi wala matumizi. Kisha akanipeleka chumba cha nyuma. "Huyu Mzee atakuelekeza yale mambo ya chini chini," akasema, akarudi kwenye kalenda zake.

Mambo ya chini chini ndiyo yaliyokuwa kazi yenyewe. Mzee Athumani alikuwa mbele ya seva, baraghashia kichwani, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa mtu wa Nakapanya kule Tunduru, na kabla ya kompyuta alikuwa mtunza ghala la korosho.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umesomea kompyuta?"

"Ndiyo, Mzee. Miaka mitatu."

"Mashaallah. Basi chukua ufagio, tuanze na vumbi."

Hospitali yetu ilikuwa inatumia mfumo wa chanzo huria, ule ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua, kuurekebisha na kuugawa. Mtasikia kwenye semina kwamba tuliuchagua kwa sababu ya falsafa ya uhuru. Tuliupenda uhuru kwa sababu ulikuwa wa bure. Keneli ni kile kiini cha mfumo kinachozungumza na vyuma vya mashine. Mfikirieni nesi wa zamu: daktari anaandika, mgonjwa analalamika, lakini anayejua nani anahitaji nini na dawa iko kabati gani ni yeye peke yake. Akiondoka bila kuaga, wodi nzima inasimama.

Kwa kawaida keneli unaichukua ilivyo kutoka kwa wanaoitengeneza duniani. Sisi hatukuweza, kwa sababu ya msaada. Miaka hiyo tulipewa mashine ya kupimia damu ambayo wenyewe waliotupa walikuwa wameichoka, nayo ikapelekwa kwenye maabara ya kituo chetu cha Namtumbo. Ilikuwa inaungana na kompyuta kwa kadi ya kizamani ambayo keneli za kisasa zilikwisha kuisahau. Kwa hiyo Mzee Athumani alipika keneli yake mwenyewe yenye dreva, yaani programu ya kuongea na kadi ile. Tulisema kupika, na neno lilifaa: ulianza asubuhi, ulichochea siku nzima, na mara nyingi jioni uligundua umesahau chumvi. Kilichoiva kilifungwa kuwa paketi na kuwekwa kwenye ghala ndani ya seva. Wataalamu wa lugha wanataka tuseme kifurushi, lakini hapa mjini ukisema kifurushi mtu anajua umenunua intaneti ya wiki.

Somo langu la kwanza halikuwa kupika bali kuita jina. Mzee aliniandikia kwenye karatasi: keneli-2.6-songea-3-maabara. Kwanza ni kitu gani, halafu namba ya toleo kutoka kwa wakubwa wanaoitengeneza, halafu mara ya ngapi sisi wenyewe tumelipika, halafu la mashine gani.

"Refu, Mzee," nikasema.

"Refu kwa nani? Wewe unalijua leo kwa sababu umelipika leo. Jina la gunia si la anayelipanga. Ni la yule atakayekuja kulitafuta wewe hupo."

Akanieleza pia kwa nini namba inakaa ndani ya jina lenyewe. Keneli mpya haifuti ya zamani. Zinakaa pamoja mashineni, mpya ikigoma unaamka na ya zamani. "Usitupe mbegu ya zamani mpaka mpya iote," alikuwa akisema. Na ili mashine za vituoni zijue ipi ndiyo ya kisasa, kulikuwa na paketi moja tupu kabisa. Haina kitu ndani. Kazi yake ni kuelekeza kidole kwa paketi inayofanya kazi, na mashine zote zinaifuata hiyo. Mzee aliiita paketi kiongozi, uso mkavu kabisa, na mimi nilichelewa karibu wiki kucheka.

Jambo jingine mlijue, maana ndiko tulikojikwaa. Kitengo kizima tulikuwa tunaingia kwenye seva kwa akaunti moja, ya Mzee, iliyoitwa athumani. Kupata akaunti yako mwenyewe ilihitaji barua, barua ilihitaji muhuri, na muhuri ulikuwa kwenye droo ya Bwana Luambano, ambayo ufunguo wake ulikuwa safarini kila tulipouhitaji. Paswedi ya Mzee ilikuwa imebandikwa ukutani kwa plasta ya kidonda. Kila tulichofanya, kizuri au kibaya, kumbukumbu za seva ziliandika kwamba amefanya athumani.

Tulifanya kazi hivyo kwa miaka kadhaa, bila shida yoyote na bila mtu yeyote kujua tupo. Halafu Bwana Luambano akarudi kutoka semina. Alikuwa amejifunza kwamba kazi isiyozinduliwa haijafanyika. Akaamua tuzindue ghala, na mgeni rasmi awe Mganga Mfawidhi wetu, mkuu wa hospitali. Seva ilifungwa utepe. Mkasi uliazimwa chumba cha upasuaji. Tulitandika zulia mpaka chumba cha nyuma, ambacho hakikuwahi kuona hata mkeka.

Siku mbili kabla ya uzinduzi Bwana Luambano alisimama nyuma yetu, akasoma skrini, akakunja uso.

"Hii 2.6-songea-3-maabara ndiyo nini? Mgeni rasmi ataisomaje mbele ya watu? Madarasa yana majina. Visima vina majina. Hata vyoo vya shule vina jiwe la msingi na jina la aliyevifungua. Keneli yetu iitwe keneli-mganga-mfawidhi."

"Mkuu," Mzee akasema polepole, "na namba?"

"Namba zinawachosha wageni."

"Basi tubakize hata neno maabara mwishoni, ijulikane ni ya wapi."

"Mzee, fikiri. Mganga Mfawidhi si wa maabara peke yake. Ni wa hospitali nzima."

Hoja kama hiyo huwezi kuijibu, unaweza kuipigia makofi tu. Kesho yake ilikuja barua, na safari hii ufunguo wa droo ulikuwa umepatikana, maana muhuri ulikuwepo. Mzee akabadilisha jina. Mgeni rasmi alikata utepe, na kwa neema ya Mungu alikata utepe tu.

Heshima ikishaanza kugawiwa, kila mtu anataka fungu lake. Ndani ya mwaka tulikuwa na keneli-katibu-afya, halafu keneli-matroni, kwa sababu matroni aliuliza kwa upole mbele za watu kwani yeye amekosa nini. Ghala likapangwa upya kwa itifaki: juu viongozi, katikati wakuu wa idara, chini wengineo. Ipi mpya na ipi ya zamani, ipi ya mashine gani, ulitakiwa uwe unajua kichwani. Mashine nazo, ambazo hazina adabu, hazikuelewa kwamba matroni amemrithi katibu. Kila jina jipya ziliona ni mgeni, zikamkaribisha bila kumtoa wa zamani, mpaka kompyuta ya kituo cha Mpitimbi ikajaa ile sehemu ndogo ya diski inayotunza keneli za kuwashia, na kukataa kuamka. Nilikwenda na pikipiki kuisafisha, nikala vumbi la barabara nzima, na kwenye taarifa ya robo mwaka tukio lilisomeka kama ziara ya ufuatiliaji.

Kisha Mganga Mfawidhi akahamishwa, na mpya akapangiwa kuja kwetu. Alikuwa anafika Ijumaa saa tisa alasiri, kutembezwa idara zote. Saa saba na nusu simu ya mezani ikalia. Nilikuwa peke yangu chumba cha nyuma.

"Skola, uko kwenye seva?" Alikuwa Bwana Luambano.

"Niko, Mkuu."

"Kuna lile jina la aliyeondoka. Cheo ni kile kile, lakini heshima ilikuwa yake yeye. Haiwezekani bosi mpya akaribishwe na jina la mwenzake kwenye skrini. Liondoe."

"Mzee hayupo, Mkuu. Yuko msikitini. Akirudi tutamuuliza kama…"

"Nimempigia Mzee, au nimekupigia wewe?"

Wakati huo nilikuwa bado kwenye mkataba wa muda, na barua yangu ya ajira ya kudumu ilikuwa mezani kwake ikisubiri sahihi. Nasema hili si kwa kujitetea. Ni kwa sababu mtakutana na meza kama ile. Nikaingia kwa akaunti ya athumani, kama siku zote, nikaifuta keneli-mganga-mfawidhi kutoka ghalani. Sikuuliza mashine gani bado inaitegemea. Nilikuwa nimefundishwa kuuliza, na aliyenifundisha saa ile alikuwa amesujudu. Jina lingekuwa na neno maabara mwishoni, mkono ungesita. Jina lilikuwa la cheo, na mwenye cheo alikuwa amekwisha kuondoka.

Bosi mpya alifika, akapita chumbani kwetu bila kuitazama skrini, akauliza choo kiko wapi.

Jumamosi asubuhi Namtumbo walipiga simu. Edita, fundi wa maabara, alisema, "Dada Skola, kompyuta imewaka, lakini mashine ya damu inanikodolea macho tu. Haziongei." Mashine za vituoni zilikuwa zimepangwa kila zinapowaka zilingane na ghala. Ya Edita iliwaka, ikakuta keneli yake haipo tena, ikaitupa, ikachukua ya matroni, ambayo haikuwa na dreva ya ile kadi ya kizamani. Siku mbili Edita alihesabu chembe za damu kwa hadubini, jicho moja moja mpaka yote mawili yakatoa machozi, na sampuli zilizomzidi zikaja Songea kwa bodaboda. Hakufa mtu. Namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, maana sisi hatukuchangia.

Jumapili nilitoka misa ya kwanza nikamkuta Mzee Athumani ameshaanza kupika upya. Tulifanya kazi mpaka mchana bila maneno mengi. Halafu, akiwa anatazama skrini, akauliza, "Nani aliifuta?"

"Sijui, Mzee," nikasema.

"Haya," akasema, akaendelea.

Kikao kilikuwa Jumatatu. Tulikuwa saba mezani, chai na maandazi katikati, kwa sababu kikao bila maandazi hakina akidi. Bwana Luambano alikuwa amechapa kumbukumbu za seva na kupigia mstari mwekundu. Akasoma kwa sauti ya hakimu kwamba Ijumaa, saa saba na dakika zake, keneli ya maabara ilifutwa na athumani.

Mzee hakupandisha sauti. "Ijumaa saa saba na nusu mimi huwa wapi?" akauliza.

Hakuna mtu katika hospitali ile aliyekuwa hajui. Hata wagonjwa wa siku nyingi walijua.

"Kikao hakiulizi ulikuwa wapi," Bwana Luambano akasema. "Kinauliza jina lililoandikwa hapa ni la nani."

Mzee akatuzungusha macho, mmoja baada ya mwingine, taratibu, akimpa kila mtu nafasi yake. Watu wawili mezani pale walijua ukweli wote: aliyetoa amri na aliyeitekeleza. Aliyetoa amri alikuwa anapanga karatasi zake zilingane pembe. Macho ya Mzee yalipofika kwangu, nikanyoosha mkono nikachukua andazi.

Mzee alibakiza miezi miwili kustaafu. Aliimaliza na barua ya onyo kwenye faili. Hafla ya kumuaga haikufanyika. Ilielezwa kwamba fungu la sherehe lilikwisha kwenye uzinduzi. Siku yake ya mwisho aliweka funguo za chumba cha seva mezani kwangu, akaenda stendi.

Kabla hajaondoka nilipewa kazi moja ndogo. Kila paketi ina daftari lake la mabadiliko, pale tunapoandika nani amebadilisha nini na kwa nini. Bwana Luambano alinitaka niandike sababu ya kupika upya. Nikaandika: "Kurejesha dreva ya maabara baada ya paketi kufutwa kwa uzembe na A. Yasini." Neno uzembe aliniambia yeye. Vidole vilikuwa vyangu. Na daftari lile, kama mjuavyo, halifutwi, linaongezwa tu juu. Kila mlipopika keneli mpya, mstari wangu ulikwenda nayo, Mpitimbi, Namtumbo, kila mashine, mwaka baada ya mwaka.

Bwana Luambano baadaye alipandishwa kwenda mahali ambapo hakuna kompyuta, jambo lililonufaisha pande zote mbili. Nikarudisha majina ya zamani: kitu, namba, mara ya ngapi, mashine gani. Viongozi na wengineo wote nikawashusha kwenye mstari mmoja. Wakaguzi wakaja wakausifu mpangilio wa Mama Nchimbi, yaani mimi. Sikuwasahihisha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, nami nawathibitishia: nilimbebesha Mzee kosa langu, nikajivika na kazi yake, na wala sikuchoka.

Baada ya makofi ya pale ukumbini ndipo nilipochoka. Wiki iliyofuata nilipanda basi la Tunduru, nikashuka Nakapanya, nikauliza kwa Mzee Athumani. Nilimkuta barazani anafungua pampu ya kupulizia salfa mikorosho, vipande amevipanga kwenye gunia kwa mpangilio wa kuvirudishia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Skola." Hakushtuka. "Umestaafu?"

"Nimestaafu."

"Walikuaga?"

"Waliniaga, Mzee."

"Vizuri."

Nikamwambia yote, simu, amri, andazi. Alisikiliza huku akisafisha nozeli, ile ncha ya kupulizia, kwa unyoya wa kuku.

"Nilijua Jumapili ile ile," akasema. "Kumbukumbu ziliandika hata kompyuta iliyotumika. Yangu nilikuwa nimeizima."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Niliwauliza mimi huwa wapi. Mlikuwa sita."

Nililia, sioni haya kuandika hivyo. Nikamwomba anisamehe. Alimaliza nozeli kwanza.

"Kusamehe ni jambo langu na Mola wangu, hilo niachie. Lakini mjukuu wangu Rehema yuko Namtumbo siku hizi, maabara ile ile. Kompyuta ikamsumbua, akafungua daftari la mabadiliko atafute sababu, akakuta jina la babu yake. Akanipigia simu. Akaniuliza, babu, ni wewe?"

"Ukamwambiaje, Mzee?"

"Nikamwambia aulize kule lilikoandikwa." Akaweka nozeli mahali pake. "Unakuja kuniambia mimi. Mimi nilikuwa najua, mwanangu. Kawaambie wasiojua."

Kwa hiyo ninawaambia. Najua mwezi huu mnapika toleo jipya. Ule mstari wa zamani msiufute, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha. Juu yake ongezeni huu, kama ulivyo, bila cheo changu:

Keneli ya maabara ilifutwa na Skolastika Nchimbi kwa akaunti ya Mzee Athumani Yasini. Mstari wa chini niliuandika mimi, na ni uongo. Saa ile Mzee alikuwa msikitini, na sote tulijua.